Friza Namba 731

Kwenye daftari langu la stoo, ukurasa wa kumi na tisa,
kuna mstari sijaufunga hadi leo:
Friza moja, ndogo. Imeazimwa. Itarudi Ijumaa.
Sahihi ni ya Ruaridh Petrie,
enzi hizo ana viatu vinavyoingiza maji
na wazo moja tu kichwani, la viazi.

Dundee, mvua huja ubavuni, si juu.
Chini ya ngazi, chumba B14,
yeye na Profesa Geddes waliufundisha waya kunusa:
kiazi kikianza kuoza katikati ya gunia
waya ulijua kabla ya mkulima.
Kampuni wakaiita Neb.
Kwa Kiskoti cha bibi yake, hiyo ni pua.

Chuo kilikata fungu lake, asilimia thelathini.
"Wezi," alisema Ruaridh, akinirudishia kikombe changu,
ingawa umeme ulikuwa wetu, chumba chetu,
hata mkate aliokula usiku ule
ulitoka kwenye droo yangu.
Sikumjibu. Mtoto akiota meno
la kwanza kuumwa ni ziwa.

Kisha wakaja wawekezaji,
wa kwanza kutoka Leeds, wengine sijui wapi, suti zinafanana.
Fungu la chuo likawa ishirini, likawa tisa,
likawa mbili na nukta.
Ni kama chai:
kila mgeni akiingia unaongeza maji kwenye sufuria,
na wewe uliyeleta majani
unaishia kunywa rangi.

Neb ikahamia kando ya mto Tay,
kwenye kiwanda cha zamani cha juti, madirisha mapya.
Mimi mzaliwa wa Muheza, binti wa mkata mkonge,
siku ya ufunguzi niliushika ukuta kwa kiganja
kama mtu aliyekutana na binamu ugenini.
Friza ilikuwa pale kwenye kona,
na stika yetu ya kijani.

Miaka minne hakuna salamu, barua za mawakili tu.
Nani mwenye hataza ya pili,
ile aliyoiandika Geddes siku ya Jumamosi?
Jumamosi ya profesa ni mali ya nani?
Maskini Geddes, shingoni kamba mbili za vitambulisho,
ya buluu na ya machungwa;
akiinama kunawa, zinasokotana.

Halafu ukaja mwaka mbaya.
Saa nne usiku, mlango wa nyuma ukagongwa.
Ruaridh, bila koti, sampuli kwenye mfuko wa plastiki.
Mashine zao zilikuwa zimechukuliwa na benki.
Kanuni za chuo nazijua, nimezibandika mwenyewe.
Nikawasha taa.
Hilo halimo kwenye mkataba wowote.

Neb ikapona. Ikauzwa kwa watu wa Saskatoon.
Jarida la chuo likapiga tarumbeta: mwanetu!
Ile mbili na nukta ikatosha kuezeka paa la kemia,
upande wa kaskazini, nusu.
Ndoo niliyokuwa nakingia matone
sasa nimepanda mnanaa.

Wiki iliyopita Ruaridh alikuja, mvi juu ya masikio,
akaomba nakala ya mkataba wa zamani.
Kuna binti kazini kwake, Oonagh,
kagundua jambo kuhusu vitunguu,
anataka kutoka aanzishe cha kwake.
"Vifaa vyangu," alisema, "jengo langu, mshahara wangu.
Nyie kwangu mlichukua ngapi?"
Thelathini, nikamwambia.
Akalitazama paa, muda mrefu kuliko paa linavyostahili.
"Ananiita mwizi."

Nikamfungulia ukurasa wa kumi na tisa.
Na friza?

"Bado inagandisha," alisema.
"Kwa sasa anayo Oonagh.
Amesema Ijumaa."